Udalali wa mtandaoni: kwa nini tovuti za vijana wetu zinakwama mlangoni

TANGU Julai 1, 2023, sheria ya kodi ya Kenya inamtaja kwa kazi yake mtu ambaye zamani maofisa wa kodi wa ukanda huu hawakumhesabu. Ni mwenye tovuti au ukurasa unaosomwa na watu, anayeweka humo kiungo cha bidhaa ya duka la mtu mwingine na kulipwa kamisheni kwa sababu wasomaji wake wamekibonyeza. Sheria ya Fedha ya mwaka huo iliiweka kazi hiyo katika kundi moja na matangazo na udhamini, ikaitoza kodi ya zuio ya asilimia 5. Muswada wenyewe ulitaka asilimia 15. Vijana wa Nairobi walipiga kelele, kiwango kikashuka. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha sheria nzima, na Oktoba 29 mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo. Tanzania nayo, katika Sheria yake ya Fedha ya 2024, iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya watengenezaji wa maudhui ya mtandaoni.

Nayataja haya mapema kwa sababu hapa kwetu bado wako wanaodhani kazi hii ni ya matapeli tu, au ni mchezo wa watoto wasiotaka kushika jembe. Wizara za fedha za nchi mbili hazikukaa kutunga kodi ya mchezo. Fedha ipo. Swali linalonisumbua ni jingine. Kwa nini vijana wetu wa Kigali, Rubavu na Nyagatare, wengi wao watoto wa waliorejea kutoka Uganda, Tanzania na Kongo, wenye lugha tatu au nne mdomoni, wanaomba kuingia katika kazi hii na tovuti zao zinakataliwa? Ninapozungumza nao, sababu wanazozitaja wenyewe ni za kiufundi: rangi ya tovuti, programu iliyoijenga, anwani yake inaishia na herufi zipi. Nadhani sababu kubwa haiko huko.

Msomaji wangu wa Rusumo au Gatuna hahitaji kufundishwa udalali. Komisiyoneri, kama tunavyomwita hapa Kigali, anamjua mwenye kiwanja, anamjua anayetafuta kiwanja, anawakutanisha na kuchukua chake. Hana kiwanja na hana fedha za kukinunua. Alicho nacho ni watu wanaomwamini. Mtandaoni mambo ni hayohayo, ila badala ya dalali kumshika mnunuzi mkono hadi dukani, duka linampa dalali kiungo chenye namba yake, na kila anayepita hapo anaandikwa kuwa ameletwa naye. Miongoni mwa maduka makubwa ya mwanzo kufanya hivyo ni Amazon ya Marekani, iliyoufungua mpango wake mwaka 1996. Msomaji akibonyeza kiungo chako leo, Amazon inakukumbuka kwa saa 24. Akitia bidhaa kwenye kikapu ndani ya saa hizo, unaweza kusubiri hadi siku 90 alipe. Lakini akiondoka bila kuweka kitu kikapuni, akarudi kesho kutwa kwa njia yake mwenyewe, hupati kitu. Na viwango vinabadilika kwa uamuzi wa duka peke yake: Aprili 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa ajili ya korona na kununua karibu kila kitu mtandaoni, kamisheni ya samani ilishushwa kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka 5 hadi 1. Madalali wa Nyabugogo wangeandamana.

Sasa tuje kwenye idhini yenyewe, ambayo ndiyo inayowaliza watu.

Kijana anajaza fomu. Anaulizwa jina, makazi, anwani ya tovuti, tovuti inahusu nini, wasomaji wanaifikiaje, na kwa kuwa si Mmarekani anajaza pia fomu ya kodi inayowahusu wageni. Baada ya hapo akaunti inafunguka na viungo vinapatikana. Anafurahi, anawaarifu rafiki zake kwamba amekubaliwa, pengine anamlipa mtu wa kumrembea tovuti. Kumbe hajakubaliwa bado. Amepewa siku 180, na ndani ya siku hizo anatakiwa alete mauzo matatu yanayostahili. Ukaguzi wa tovuti unakuja baada ya mauzo hayo matatu. Yasipopatikana, akaunti inafungwa. Anaweza kuomba upya, lakini viungo vyote vya zamani alivyovitandaza katika kurasa zake vinakuwa vimekufa na itambidi aviweke vingine kimoja kimoja.

Mauzo matatu ni machache mno, utasema. Mama muuza nyanya wa Gisenyi anayatimiza kabla ya saa mbili asubuhi. Tatizo liko kwenye lile neno moja, "yanayostahili". Masharti ya Amazon yanakataza ununuzi wako mwenyewe kupitia kiungo chako. Yanakataza pia ununuzi wa ndugu, rafiki na washirika wako. Na yanakataza bidhaa inayonunuliwa ili iuzwe tena.

Hebu tuyapime masharti hayo kwa mazingira yetu. Sisi tuliorejea tuna ndugu kila kona: Dar es Salaam, Kampala, Brussels, Ottawa. Jambo la kwanza linalomjia kijana akishapata kiungo ni kumpigia shangazi aliyeko Ulaya amnunulie kitabu kimoja, na binamu aliyeko Marekani anunue chaja ya simu. Ananuia mema, na katika utamaduni wetu ndivyo mtu anavyoanzishiwa biashara. Kwa duka, huo ni udanganyifu, na duka lina njia nyingi za kuona kwamba watu wanne wanahusiana. Mfanyabiashara wa mpakani naye, anayefikiri atapitisha oda zake za vipuri vya simu kwenye kiungo cha mtoto wake ili kamisheni ibaki nyumbani, anagonga mwamba uleule, kwa kuwa anakwenda kuviuza. Kwa hiyo makundi mawili ambayo kijana wetu angeyategemea kwa wepesi zaidi, ukoo wake na wateja wa jumla wa mzazi wake, yote mawili yamefungiwa nje.

Anabaki na nani? Anabaki na msomaji asiyemjua. Na hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo. Tovuti nyingi nilizozipitia zimeandikwa kwa ajili ya jirani wa mwandishi. Mtu yuko Remera, anaandika kuhusu mashine za kusagia matunda zinazouzwa Amazon, wanaomsoma wako Kicukiro, Huye na Bukavu. Hata wakimsoma elfu nne, nani kati yao atanunua mashine hiyo kutoka ghala la Marekani? Wengi hawana kadi ya benki inayokubalika huko. Mwenye kadi ataambiwa bidhaa hii haisafirishwi kwake, au itasafirishwa kwa nauli inayozidi bei yake, na ushuru unamngoja uwanja wa ndege. Atafanya anachofanya kila siku, ataagiza kwa mtu anayekwenda Dubai. Siku 180 zinakwisha, akaunti inafungwa, na kijana anahitimisha kwamba Wazungu hawapendi tovuti za Waafrika. Hakuna aliyeichukia tovuti yake. Aliwakusanya wasomaji ambao duka lile haliwezi kuwauzia.

Mwenye mawazo haraka ataniambia: basi tuachane na Amazon, tuombe kwenye maduka ya kwetu. Wazo ni zuri, na historia yake inafaa kukumbukwa na kila mwenye kuishi karibu na mpaka. Jumia, iliyoanzia Lagos mwaka 2012, ilijitanua nchi nyingi za Afrika na kuingia soko la hisa la New York Aprili 2019. Miezi saba baadaye, Novemba 2019, ilifunga biashara yake Tanzania. Januari 2020 ikaondoka Rwanda, ambako ilikuwa inaleta chakula majumbani. Kenya na Uganda ilibaki, na huko imekuwa ikiwalipa kamisheni mawakala wanaoleta wateja, wakiwemo wale wanaotembea na simu zao mitaani kuwaagizia watu wasiojua kutumia mtandao. Dalali wa kizamani amerudi na simu mkononi.

Kwa hiyo ramani ya udalali huu haifuati ramani ya lugha. Kiswahili kinasomwa sana Tanzania, lakini duka kubwa lile halipo huko tena. Mwandishi wa Kiswahili aliyeko Kigali anayetaka kulipwa na duka la Kenya lazima asomwe Nairobi, Mombasa au Eldoret, akizungumzia bidhaa na bei za huko. Aliyekulia Mbarara au Kampala ana nafasi Uganda, kwa kuwa anajua watu wa kule wanatafuta nini na wanakiitaje. Mimi niliyekulia Karagwe, nikiandika Kiswahili changu cha Kagera kuhusu friji za Kigali, sina duka la kunilipa.

Tusisahau pia kwamba kiungo kinavuka mpaka bila kuulizwa pasi, ilhali bidhaa haivuki hivyo. Gatuna ilipofungwa kuanzia Februari 2019 hadi Januari 31, 2022, hakuna aliyezuia mtu wa Gicumbi kusoma bei za Kabale kwenye simu yake. Gunia ndilo lililozuiwa. Burundi ilipofunga mpaka wake nasi Januari 2024, hadithi ikawa ileile. Duka la Kampala linalokuidhinisha linapeleka mizigo ndani ya Uganda, na siku 180, au muda wowote lililouweka, hazisimami kwa ajili ya mgogoro wa kidiplomasia.

Kuna na suala la kodi ambalo sijasikia likizungumzwa hapa. Ile asilimia 5 ya Kenya ni ya mkazi wa Kenya. Asiye mkazi anakatwa asilimia 20. Maana yake ni kwamba kijana wa Kigali na kijana wa Nakuru wakileta mteja mmoja mmoja kwenye duka lilelile la Nairobi, wa Nakuru anabaki na shilingi 95 katika kila 100, wetu anabaki na 80. Wote ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Itifaki yake ya Soko la Pamoja inafanya kazi tangu Julai 2010 na inazungumzia huduma kuvuka mipaka bila vikwazo. Sijui mbunge yupi wa Arusha atalibeba hili, maana fedha zenyewe ni ndogo ndogo na wanaozidai hawana chama cha kuwasemea. Lakini wafanyabiashara wadogo wa mpakani nao hawakuwa na wa kuwasemea, mpaka ulipopatikana utaratibu wa cheti chepesi cha uasili wa bidhaa kwa mizigo ya chini ya dola 2,000. Kilichofanyika kwa kikapu cha nyanya kinaweza kufanyika kwa kamisheni.

Malipo ni mlima mwingine. Amazon inalipa kwa kuingiza benki, kwa kadi ya zawadi au kwa hundi. Salio likifika dola 10 unaweza kulipwa kwa njia mbili za kwanza, hundi ni hadi dola 100. Kadi ya zawadi inanunua vitu palepale Amazon, kwa hiyo kwa mtu wa Rusizi ni sawa na kulipwa kwa chumvi ya duka lisilomfikia. Wakenya, tangu Aprili 2018, wanaweza kuhamisha fedha zao za PayPal kuingia M-Pesa. Ndiyo maana wako wenzetu wanaotumia akaunti ya binamu aliyeko Nairobi. Binamu ni mwaminifu, sina shaka. Shida ni kwamba jina lililo kwenye fomu ya kodi, jina lililo kwenye akaunti na jina la anayepokea fedha yanatakiwa yawe ya mtu mmoja, na siku duka likiomba uthibitisho, anayeweza kuuthibitisha ni binamu peke yake.

Hapo ndipo soko la akaunti lilipozaliwa. Msomaji ameona matangazo hayo kwenye magrupu ya WhatsApp: "Akaunti iliyokwisha kuidhinishwa, bei ya maelewano." Nimeongea na kijana mmoja wa upande wa Rubavu aliyeuza simu yake ili anunue akaunti ya namna hiyo. Alipewa jina la kuingilia na neno la siri. Wiki ya tatu neno la siri lilibadilishwa. Aliyemuuzia hakupokea simu tena, na hata angeipokea, hakuna polisi wa kumpelekea kesi hiyo kwa uwepesi, kwa sababu akaunti hizi haziruhusiwi kuuzwa na kijana mwenyewe alikuwa ndani ya jina la mtu mwingine. Mfanyabiashara wa mpakani atalitambua jambo hili mara moja: ni kununua kibali cha kupitia chenye picha ya mwenzako. Unaweza kuvuka mara tatu. Mara ya nne ofisa anaitazama picha.

Tuseme basi kijana ana wasomaji wanaoweza kununua. Mkaguzi anatazama nini? Kwa sehemu kubwa anataka kuona kama tovuti ingekuwa na sababu ya kuwepo hata kama viungo visingekuwamo. Maandishi yawe ya mwenyewe na yatoshe. Wanaoanza na kurasa tatu wanajisumbua, kumi ndiyo idadi ambayo hutajwa kuwa ya kuanzia. Tovuti iwe wazi kwa kila mtu, kwa hiyo grupu lililofungwa la Facebook au WhatsApp, hata liwe na watu wengi namna gani, mkaguzi hana mlango wa kulitazamia. Picha za bidhaa hazichukuliwi tu na kubandikwa. Zinapatikana kwa njia ambayo duka limeiweka. Maoni ya wateja wa Amazon hayanakiliwi. Bei haziandikwi kwa mkono, kwa kuwa zinabadilika na duka halitaki msomaji aone bei ya juzi. Wako waliojenga tovuti nzuri wakaipa jina lenye neno Amazon ndani yake, wakidhani wanampendeza mwenye duka. Hilo limekatazwa waziwazi.

Halafu kuna sentensi moja ambayo vijana wanaificha chini kabisa kwa herufi za sisimizi, au hawaiweki: kwamba mwandishi, akiwa wakala wa Amazon, analipwa kutokana na manunuzi yanayofanyika. Wanaona itafukuza watu. Mimi naona inawapa heshima. Dalali anayekwambia mapema kwamba analipwa na mwenye nyumba unajua namna ya kumsikiliza. Isitoshe si hiari: duka linaidai, na Marekani inayo tume ya biashara inayowataka watu waseme wazi wanapolipwa kwa kusifia kitu. Ukurasa wa sera ya faragha nao si pambo. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, sisi tangu Oktoba 2021, Tanzania tangu 2022. Tovuti yenye viungo hivi inahifadhi alama kwenye simu ya msomaji, na msomaji anastahili kuambiwa.

Siku hizi limeongezeka jambo jingine. Mashine za akili bandia zinaandika makala hamsini kwa jioni moja, na kijana anazipakia zote akiamini kwamba wingi ndio utakaompa idhini. Machi 2024 Google ilitangaza sera kali dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili zipande tu kwenye matokeo ya utafutaji, ziwe zimeandikwa na mashine au na watu. Tovuti ya namna hiyo inaweza kupita mlango wa kwanza. Lakini msomaji akiitafuta haioni, na bila msomaji yale mauzo matatu yatoke wapi?

Mpaka hapa nimeeleza zaidi yanayokwamisha. Yako yanayowezekana, na nadhani wasomaji wa ukurasa huu wako karibu nayo kuliko wataalamu wa kompyuta wa mjini.

Chukua mtalii wa Marekani anayejiandaa kuja kuwaona sokwe wa milimani. Kibali chetu ni dola 1,500 tangu Mei 2017. Uganda, kuanzia Julai 2024, ni dola 800 kwa mgeni wa mbali. Mtu anayelipa kiasi hicho kwa saa moja porini hatashindwa kununua koti la mvua. Miezi miwili kabla ya safari yuko nyumbani kwake, ana kadi, na Amazon inamfikishia mzigo mlangoni kesho yake. Asichonacho ni mtu wa kumwambia ukweli. Kwamba kwenye miteremko ya Virunga kuna majani yanayowasha, hivyo glavu ngumu za bustani zina maana kuliko kamera ya pili. Kwamba suruali iingizwe ndani ya soksi ndefu kwa ajili ya siafu. Kwamba mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku mwaka 2008 na atanyang'anywa, aje na ya kitambaa. Kwamba akivuka Cyanika kwenda Kisoro, hata plagi inabadilika: kwetu ni tundu za duara, Uganda ni zile za pini tatu bapa za Kiingereza, na gari lililokuwa linaendeshwa kulia linahamia kushoto. Nani anayajua haya kuliko mtu anayevuka Cyanika mara mbili kwa wiki na mzigo wa viazi?

Andika hayo kwa Kiingereza au Kifaransa kilichonyooka, kila moja katika ukurasa wake, na kwa kila kitu cha kubeba weka kiungo kimoja. Huyo msomaji si ndugu yako na hanunui ili auze. Anaishi pale duka linapouza. Mauzo matatu kwa siku 180 kutoka kwa watu wa aina hiyo hayahitaji umati. Yanahitaji kurasa chache zinazojibu swali ambalo mtu analiuliza kweli. Aliyerejea kutoka Ngara anaweza kufanya hivyo kwa njia ya Rusumo, Mwanza na Serengeti. Wa Goma na Bukavu ana Kahuzi-Biega, ingawa hali ya usalama tangu Januari 2025 haimruhusu mtu mwaminifu kumwita mgeni huko.

Jambo la mwisho ni la hesabu ya siku, na limewakuta wengi ninaowafahamu. Siku 180 zinaanza kuhesabiwa siku unapojiandikisha, hazingoji tovuti ipate wasomaji. Kijana anayejiandikisha siku ileile aliyonunua anwani ya tovuti anaitumia miezi minne ya kwanza kuandika, na anabaki na miwili ya kuuza. Vizuri aandike kwanza bila kiungo hata kimoja, atazame takwimu zake aone wageni wanatoka nchi zipi, na fomu aijaze pale wageni kutoka nchi ambako duka linauza wanapoanza kuonekana kila wiki. Kama takwimu zinaonyesha wengi wako Kampala, aombe duka la Kampala. Kama wengi ni wa Kigali, bado kuna wenye hoteli, wenye mabasi ya Rusumo na wauza vifaa vya umeme wa jua hapa nchini ambao wangemlipa dalali kwa mkono, kwa simu, bila fomu ya Marekani, aende akawaulize.